Akiba ya Chumba cha Kona

Jumapili, 19 Juni 2022

Dishon amekuja kutoka Nairobi na kompyuta. Mkate hakuleta. Amekula samaki wangu, akanawa mikono, akasema, Mama, leo tuongee juu ya hili jumba kama biashara. Kwani miaka hii yote nimekuwa nikiongea juu yake kama kanisa?

Kazi yake huko ni kuthamini majumba ya watu. Sasa imefika zamu ya mamake. Vyumba sita vya duka, kando ya barabara inayoingia soko la Kibuye, hapa Kisumu, na ghorofa ambayo marehemu babake alianza, nami nikaimaliza kwa mkopo wa benki. Mkopo ndio mdudu. Dishon anasema nikichelewa malipo hivi mara mbili tatu, benki inaita dalali. Jumba lote linaenda, pamoja na huku nyuma ninapolala.

Dawa yake ni hii: kila mwezi, kabla sijagusa hata shilingi ya kodi, nitoe sehemu moja ya kumi niifungie. Nikamwambia fungu la kumi natoa kanisani, sasa wewe ni pasta? Hakucheka. Eti hiyo ni ya siku chumba kitakosa mtu. Chumba kikikosa mtu hupotezi kodi tu — bado unalipa askari, unalipa kanjo ada zao, unapaka rangi upya, unangoja mteja ambaye hajazaliwa. Na benki haingoji.

Mimi haya maneno siyapendi. Mtu anakula mezani kwako, wewe unamchimbia kaburi? Kwetu hatufanyi hivyo. Mtu ako, ako. Akienda, basi ndio unalia.

Lakini tukapita chumba kwa chumba. Viwili vya mwisho vimelala tangu Korona, hapo hakuna cha kubashiri. Shitanda wa nafaka — atakaa, ila analipa akikumbuka. Okinyi kinyozi — mwaka, labda. Nasambu wa dawa za mifugo — huyo ameshaanza kuulizia vyumba kwingine. Kila mmoja Dishon akamwandikia pesa ya kuondoka kwake. Nilijisikia vibaya. Nilikuwa nawasikia huko nje wakicheka.

Tukafika chumba cha kona. Nikasema hapo ruka. Hapo ni Nduta.

"Mama, kona ndiyo inalipa karibu nusu ya mkopo. Na kila mpangaji huondoka siku moja."

"Nimesema ruka, Dishon."

Akaruka. Akaweka sufuri. Ni mtoto mzuri, lakini kitu akikijua anakijua mpaka anakuchosha.

Jumatano, 22 Juni 2022

Cherehani ya Nduta imeniamsha tena. Ukuta wa chumba changu cha kulala ndio ukuta wa duka lake, na huyo mwanamke hushona sare za shule kama anayefukuzwa. Nimelalamika juu ya hiyo cherehani tangu Dishon akiwa tumboni. Wageni wakinitembelea hushtuka. Mimi nisipoisikia ndio nashtuka.

Alikuja hapa na Bildad, mumewe, kutoka Murang'a, Ivy akiwa mgongoni. Bildad alipokufa walimpeleka kwao kumzika. Sisi wote tukajua basi, amekwenda. Baada ya matanga nikaona mtu anafungua kona. Anafagia. Nikamuuliza, wee, umerudi? Akanijibu kwa Kijaluo, tena kile cha ndani, kwamba mume alimzika Murang'a lakini wateja wake wako Kisumu. Kijaluo chake kinakishinda cha Dishon. Kibuye anabishana bei na akina mama mpaka wanamuuliza ameolewa upande gani wa Asembo.

Mwaka ule mbaya, baada ya kura, watu wa Murang'a walipokuwa wakifukuzwa hapa, Owiti wangu, babake Dishon, alihamisha vitambaa vyote vya Nduta, mabunda kwa mabunda, akavisukuma chini ya kitanda chetu. Juu ya kitanda tukalala mimi na Nduta na watoto. Owiti alilala mlangoni kwenye mkeka. Vijana walikuja kumwulizia. Owiti akawaambia humu kuna bibi yangu na watoto wangu, mnataka nini? Wakaenda. Halafu Nduta akasindikizwa na polisi hadi kwao, na sisi tukabaki na vitambaa.

Alirudi kulipotulia. Toka hapo tuna sheria yetu. Kila uchaguzi anafunga, vitambaa vinakuja kwangu, anaenda kwao mpaka makelele yaishe, na kodi ya hiyo miezi analipa nusu. Hiyo nusu nyingine mimi huiweka kando mapema, kidogo kidogo, kila miaka mitano. Kwa hivyo Dishon asinifundishe akiba. Nilikuwa na akiba kabla yeye ajue benki ni nini. Lakini hiyo ni ya kufunga. Kufunga si kuhama. Anarudi na gunia la nduma, anafungua, tunaendelea.

Alhamisi, 28 Julai 2022

Nduta ameenda leo. Mambo hayakwenda kama kawaida.

Kwanza vitambaa. Nilikuwa nimeshafagia chini ya kitanda. Akasema hapana Mama Dishon, safari hii viache tu dukani, kumetulia. Haya. Halafu akanilipa kodi yote ya Julai. Si nusu — yote. Nikamwambia umekosea, akasema kaa nayo. Halafu nikaona cherehani iko kwenye teksi, imefungwa blanketi.

"Cherehani inaenda wapi?"

"Inataka kurekebishwa. Kuna fundi kwetu anaijua."

Kibuye kumejaa mafundi wa cherehani! Wanakaa mlangoni pake! Hiyo mashine ilibaki hapa mwaka ule mbaya, ikabaki na kila uchaguzi uliofuata, leo ndio inaumwa?

 Mimi, Jacinta, nikaingia jikoni. Nikamfungia chapati na samaki wa kukaanga, nikamwambia asalimie Ivy. Alinishika mkono muda mrefu. Nikauondoa mimi, kwa sababu dereva wa teksi alikuwa anatuangalia.

Jumanne, 9 Agosti 2022

Nimepiga kura. Foleni ndefu, magoti yananiuma. Watu walikuwa wapole, hata wakaniacha nipite mbele — kumbe nimezeeka.

Jumatatu, 15 Agosti 2022

Wametangaza matokeo. Vijana wamewasha matairi huko mbele, moshi umeingia mpaka kwenye sufuria. Nimempigia Nduta nikamwambia usije kwanza. Akasema, haya. Hakuuliza duka. Hakuuliza vitambaa. Aliuliza kama nimekula.

Jumatano, 17 Agosti 2022

Nimezunguka jumba lote na Okinyi. Hakuna kitu kimeguswa. Hata kioo kimoja! Okinyi anasema, "Mama, hii mwaka watu wamechoka. Si uambie Mama Ivy akam." Nimempigia Nduta nikamwambia arudi. Akashukuru Mungu. Alishukuru Mungu mara nyingi sana, mpaka salio likaisha.

Jumanne, 6 Septemba 2022

Jana mahakama imemaliza kesi ya kura na leo mji umejaa. Wafanyabiashara wa bara, wa kwao Nduta, wote wamerudi. Antony wa vyuma hapo ng'ambo amefungua, anapiga redio kama kawaida yake. Kona imefungwa.

Simu ya Nduta inashikwa na Ivy. Mama yuko shambani. Mama ameenda kanisani. Mama ataku-call. Huyu Ivy nilimwosha mimi kwa beseni, leo ananizungusha.

Akiba yangu ya kufunga imeisha na mwezi wa nane. Nilihesabu miezi kama ya chaguzi zilizopita. Sikuongeza hata mmoja — wa nini?

Chumbani kumenyamaza. Nimeamka mwenyewe, jua limeshatoka. Nimelia kidogo, nimeosha uso, nimeenda kugombana na Shitanda juu ya kodi.

Ijumaa, 30 Septemba 2022

Leo naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Nasambu alihamia Kisian mwezi huu, wateja wake wa ng'ombe wako huko. Na pesa aliyoandika Dishon kwa ajili yake ilikuwepo! Imetosha sawasawa, rangi na askari na pengo la benki. Nilimsema mtoto bure. Vile viwili vinavyolala navyo vimefunikwa. Kila chumba kimefunikwa, isipokuwa kimoja, na kile kimoja ndicho kikubwa. Na aliyesema aruke ni mimi.

Benki wamepiga simu tangu asubuhi. Msichana mwenye sauti tamu. Ananiita mama, halafu ananitishia.

Ile pesa ya kaburi la Owiti nilikuwa nayo. Alizikwa kwake Kisian, na mpaka leo ni udongo tu na msalaba wa mbao. Nimekuwa nikiweka kwa ajili ya simiti na vigae, tumjengee Desemba, watoto wote wakiwepo. Shemeji yangu Oluoch ameshaongea na fundi. Ng'ombe wanapita juu ya mume wangu na mimi nina jumba la ghorofa mjini — watu wanasema, najua.

Nimeichukua. Nimeipeleka benki kama kodi ya kona.

Jioni Dishon amepiga. Kona imelipa? Nikasema imelipa. Akafurahi, akasema unaona Mama, basi tuko sawa. Siku moja tu hii nimemdanganya mwanangu na kumwibia mume wangu. Owiti, wewe ungefanya hivyo hivyo. Nafikiri ungefanya. Ulilala mlangoni.

Mtu anaweza kusema, Jacinta, si upangishe chumba? Siwezi. Nikipangisha, akirudi atapata mtu mwingine amekaa. Atajua nilimngoja mpaka pesa ilipoisha, basi. Na kama harudi — sijui. Sijafika hapo.

Jumatano, 12 Oktoba 2022

Oluoch amepiga. Fundi wa kaburi anataka malipo ya kwanza. Nimemwambia simiti imepanda bei, tungoje. Akasema sauti yangu haiko sawa. Nikamwambia ni mafua.

Nimefungua kona kupitisha hewa. Panya hawajaingia. Vitambaa viko vile vile, kijani ya shule ile, zambarau ya shule ile. Mama mmoja akaingia, akadhani tumefungua. Anataka kitambaa cha sketi ya msichana. Nikampimia kwa mkono, nikamkatia vibaya, nikamwongezea. Aliuliza yule mama mwenyewe yuko wapi. Nikasema anakuja.

Alhamisi, 20 Oktoba 2022

Sikukuu ya Mashujaa. Dishon amekuja, safari hii na mkate, na nikajua kuna kitu.

Kuna kampuni ya Nairobi ya kuuza simu kwa lipa polepole. Wanataka kona. Wanalipa kodi ya mwaka mzima mbele, na hiyo kodi ni kubwa kuliko ya Nduta. Wanataka jibu kabla mwezi huu uishe.

"Chumba kina mtu," nikasema.

"Kina mtu, Mama, ama kina vitambaa?"

Nikasimama. Nikamwambia asiniletee ujeuri wa Nairobi ndani ya nyumba ya babake. Nikamwambia kona imelipa, imelipa, kwani ni uongo? Yeye akabaki amekaa. Halafu akaongea polepole, kama babake alipokuwa na habari ya msiba.

Alimpigia Nduta. Eti alitaka tu kumwambia asante kwa kulipa. Nduta akamwambia hajalipa kitu tangu Julai.

"Alilia sana, Mama. Akaniuliza nani amekuwa akimlipia."

"Ukasema nini?"

"Nilisema sijui. Na kwa kweli sijui. Ulitoa wapi?"

Nikakusanya vikombe. Aliangalia picha ya babake ukutani, halafu akaangalia mikono yake. Nafikiri amejua. Akasema Nduta amemwomba asiniambie lolote, atakuja mwenyewe. Malipo ya mwezi huu hayapo, tuliyahesabu pamoja kila upande, hayapo. Nikamwambia waambie hao wa simu wangoje mpaka mwisho wa mwezi. Sikusema ndiyo. Nilisema wangoje.

Mkate haukuguswa.

Ijumaa, 28 Oktoba 2022

Amekuja.

Nilikuwa nakatakata mboga. Nikasikia hodi kwa Kijaluo, nikaangusha kisu. Amekonda. Amesuka nywele vizuri, hiyo ni kazi ya Ivy. Tukashikana hapo jikoni kama watu wa matanga, na mboga zote chini.

Nikamwambia, sasa umefika, kesho tufagie, tufungue. Nikamwambia mama mmoja alikuja kuuliza sketi. Nikaongea, nikaongea, sikumpa nafasi. Akaniacha nimalize. Halafu akasema lori linakuja kesho asubuhi.

Nikakaa.

Nataka niandike maneno yake vile aliyasema, nisije nikayabadilisha baadaye nikikasirika.

Alisema: "Mama Dishon, wewe na Mzee Owiti mlinificha. Hakuna siku nimelala bila kuwataja kwa Mungu. Lakini nimechoka kufichwa. Kila miaka mitano naweka vitambaa vyangu chini ya kitanda chako, na mimi si mwizi. Mimi nauza sare za watoto wa hapa. Watoto niliowapima wameleta watoto wao nikawapima."

Nikamwambia safari hii hakukuwa na kitu! Hata kioo! Si nilikwambia?

"Uliniambia. Nilikuwa Murang'a, mbali kabisa, na unaniambia kumetulia, na mimi natetemeka mpaka Ivy akanishikia simu. Kungeharibika ningesema ni watu wabaya. Lakini kulitulia, na bado nikatetemeka. Hapo nikajua mimi nimemaliza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alijua siku anaondoka! Cherehani ilijua na mimi sikujua! Akasema alijaribu. Alinishika mkono, akakosa mdomo. Angesemaje? Wengine ndio walimfukuza, mimi sikumfukuza, na ni mimi anayeniacha. Aliona aibu. Akadhani nitapangisha haraka, Dishon ana akili ya biashara, nitakasirika kidogo, basi.

Hapo ndipo nikasema jambo baya. Nikasema, nimekulipia hicho chumba kwa kaburi la Owiti.

Hakuelewa. Nikamweleza. Simiti, vigae, Desemba, yote. Aliweka mkono mdomoni.

"Ulimfanyia Mzee hivyo? Kwa ajili ya chumba?"

"Si kwa ajili ya chumba, mjinga wewe!"

Tukalia wote wawili. Sitaandika zaidi ya hapo. Baadaye nikapika ugali na zile mboga, nikaziosha mara mbili, na alikula kama zamani, akachukua hata ule ukoko wa sufuria, ule ambao tumegombania tangu ujana. Nikamwachia. Amelala kitandani kwangu, upande wa ukuta. Ameshasema atatuma pesa ya vigae kidogo kidogo. Nimemwambia akituma nitairudisha.

Dishon ameandika kwa simu kwamba watu wa kampuni watakuja kesho kupima ukuta. Nimezima simu.

Jumamosi, 29 Oktoba 2022

Lori limefika mapema. Vijana wa Kibuye wamebeba vitambaa mchana kweupe, mlango wa mbele, kila mtu akiona. Nduta ndiye alitaka iwe hivyo. Alisimama kando ya lori akihesabu mabunda kwa sauti, kwa Kijaluo, na akina mama wa soko wakaacha meza zao wakaja kumuaga. Mmoja alimletea omena, mwingine kuku mzima. Wengine wanamkasirikia. Wanasema, ulituona sisi ni wabaya? Akawajibu, hapana, mimi ndiye mwoga. Si kweli, lakini alisema.

Mimi nilisaidia kidogo, halafu nikarudi huku ndani. Nimesema nachukua maji ya kunywa.

Watu wa simu wamekuja wawili, wana tai, wana utepe wa kupimia. Wanangoja chini ya kivuli cha duka la Antony. Ni vijana wapole, walinisalimia vizuri. Dishon yuko nao. Mwezi huu utalipwa, na ujao, na mwaka mzima. Asubuhi kabla ya chai Dishon aliniuliza chumba cha kona tukiandikie ngapi ya kuondoka. Nikamwambia andika. Andika hata mara mbili ya vingine.

Sasa kumebaki jambo moja. Katika jumba hili mpangaji akihama, mwenye nyumba anapita naye chumbani. Wanaangalia soketi, wanaangalia bomba, wanaangalia kama mlango unafunga, mwenye nyumba anasema ni sawa, wanasalimiana kwa mkono. Owiti ndiye alianzisha hiyo. Bila hiyo hakuna aliyehama. Nimewakagua wapangaji wengi, Nasambu nilimkagua hata chooni. Nduta ameosha sakafu, Okinyi anasema ameipigia magoti na sabuni, inang'aa kuliko siku walipoingia. Yuko ndani amesimama, ananingoja.

Okinyi amekuja kuniita. Nikamwambia nakuja.

Amekuja tena. Eti dereva analalamika, anataka kupita milima ya Mau kabla ya ukungu. Eti Mama Ivy amesema dereva alalamike tu, yeye hatoki mpaka mwenye nyumba akague.

Nimemwambia amwambie bado natafuta viatu. Viatu nimevaa tangu asubuhi.